Mwanafunzi wa QT Sio Mtoto wa Darasa la Pili

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Nimeombwa niongee kuhusu kufundisha maamuzi ya kimaadili kwenye madarasa yetu ya MEMKWA, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, na QT, wale wanaosoma sekondari nje ya mfumo rasmi kwa kupitia mtihani wa maarifa, na naanza kwa kulalamika. Tunaingia darasani, tunaandika ubaoni uaminifu, uwajibikaji, heshima, wananakili, kesho tunawauliza wanajibu vizuriii, basi tumemaliza. Sasa yule dada wa nyuma ana mtoto nyumbani, karudi kusoma baada ya serikali kuruhusu waliojifungua warudi mwaka 2021, kila asubuhi anaamua hela iliyopo iende kwenye maziwa ya mtoto au nauli. Yule kaka anaendesha boda, abiria anadondosha simu, bosi anataka hesabu jioni na hesabu haijatimia. Hao watu wanaamua kila siku, shida ni kwamba wanaamua peke yao na hakuna anayewauliza kwa nini.

Wengi hapa mlikariri chuoni hatua sita za Kohlberg, yule mwanasaikolojia wa Marekani, za jinsi mtu anavyokua katika kufikiri kimaadili, ili mfaulu mtihani, si ndio? Ila yule mzee hakuishia kwenye nadharia. Mwaka 1974 kule Cambridge, Massachusetts, alisaidia kuanzisha Cluster School, shule mbadala ndani ya sekondari ya umma, kila wiki kulikuwa na mkutano wa shule nzima na kwenye kura mwalimu alikuwa na moja, mwanafunzi naye moja. Sasa siku moja zikaibwa dola 9 kwenye pochi. Sisi hapa tungesachi mabegi, dakika kumi kesi imeisha. Wao wakakaa kikao. Wengine wakasema kwani nani kamtuma aache pochi ovyo, shauri yake. Mwanafunzi mmoja akabisha, akasema hapa aliyeibiwa ni shule nzima, kwa hiyo kila mtu atoe senti 15 mwenzetu alipwe. Wakavutana weee, mwisho wakakubaliana hela isiporudi, wote wanachanga. Mimi hapo ndipo ninapoipenda hiyo kesi, maana senti 15 sio kitu lakini inauma kulipia wizi ambao sio wako, na kila mtu ilibidi aseme mbele ya wenzake kwa nini anakubali au anakataa.

Sasa msiende kupigia kura kila kitu eti mlisikia semina. Binti akikwambia kuna mtu anamsumbua nyumbani, hilo sio la mjadala wa darasa, hilo linaenda ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Na ukitumia kisa cha mwanafunzi, badilisha jina, kazi, mtaa, maana mtaani kila mtu anamjua kila mtu. Halafu kuna wale wenye sauti kubwa, wakiachiwa wanawaburuza wengine, kwa hiyo waandike kwanza kwenye karatasi kila mtu sababu yake ndio muanze kuongea.

Anzeni na kitu ambacho kweli kiko mikononi mwenu, mfano wachelewaji. Wengi wanachelewa kwa sababu ya biashara na watoto, wanaowahi nao wamechoka kusubiri, kila upande una haki yake, waache wabishane na wewe sema lako kama mtu mmoja tu. Na wakiamua kipindi kianze saa kumi na moja badala ya saa kumi, mwalimu hamisha kipindi, usiseme utalifikiria.