Saa Moja Kabla ya Fuso la Kwanza

Mhadhara kwa walimu, wanafunzi na wapenzi wa vitabu, Iringa Mjini

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wazee mliofika, na ninyi vijana mliojibanza kule nyuma: kamwene.

Nimepewa mada ya maisha ya mwandishi. Wanaoniuliza habari hizo huwa wanataka kusikia kwamba mwandishi halali usiku na kwamba maneno humshukia tu. Mimi nalala. Saa tatu usiku Mafinga, kwa baridi ile, utafanya nini zaidi? Na maneno sijayaona yakishuka. Mchana natunza vitabu vya hesabu kwenye yadi ya mbao. Riwaya naziandika kabla yadi haijafunguliwa. Basi watu huniuliza: muda unaupata wapi?

Leo nataka nibishane na swali hilo. Anayeuliza hivyo anaamini uandishi ni wa watu wenye nafasi, na kwamba mwalimu mwenye madaftari ya kusahihisha, au mama anayeuza nyanya Mlandege, ameshajitoa mapema. Haya, tuwaangalie walioandika. Shaaban Robert aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926, akapitia idara ya wanyama, ofisi ya wilaya Tanga, kisha upimaji wa ardhi. Karibu maisha yake yote ya kazi alikuwa mtumishi katika ofisi za Mwingereza, na vitabu tunavyosoma hadi leo alivitoa humo humo katikati ya ajira. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri zake za tamthilia za Shakespeare, ya Juliasi Kaizari mwaka 1963 na ya Mabepari wa Venisi mwaka 1969, naye ni rais wa nchi changa. Wewe unaniambia umebanwa na hesabu za kikoba! (Kicheko.) Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya ya Kigikuyu kwenye karatasi za chooni. Sisi tunakaa jirani na kiwanda cha karatasi cha Mgololo, na bado tunasema mazingira hayaruhusu.

Lakini ninayempenda zaidi kwa mambo ya ratiba ni Mwingereza mmoja wa karne ya 19, Anthony Trollope. Alikuwa mfanyakazi wa Posta, na si wa cheo kidogo. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa mezani, saa yake ameiweka mbele, akijidai mwenyewe maneno 250 kila robo saa. Akimaliza, anapata kifungua kinywa, anakwenda kazini. Riwaya zake zilifika 47. Kuna mtumishi mzee ambaye Trollope alikuwa akimlipa pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe tu, na katika kitabu cha maisha yake Trollope anasema huenda mzee huyo ndiye anayemdai shukrani kuliko mtu mwingine yeyote. Hiyo napenda sana. Wengi wetu tunawashukuru walimu na wachapaji, aliyetuamsha tunamsahau.

Mimi sina pauni 5. Naamshwa na shangazi anayekaa nasi. Akianza kukoka jiko la mkaa na mlango wa uani ukagonga, najua ni saa kumi na moja. Mnaotoka Mufindi na Njombe mnajua mwezi wa sita na wa saba ulivyo. Biro inagoma. Unachora duara, unachora tena, wino hautoki. Dawa yake ni kuibana kwapani wakati chai inachemka. Naandika kwenye kaunta buku, ukurasa wa kulia tu; wa kushoto naacha mtupu kwa masahihisho. Simu inabaki chumba kingine, kwa sababu ukiifungua kuangalia neno moja tu, utakuta kundi la ukoo limeamka na msiba una michango.

Sianzi na jambo jipya. Nasoma aya ya jana, nafuta maneno mawili matatu, mkono unapata moto, naendelea. Kuacha nako kuna namna yake. Mhusika akiwa ameshika kitasa cha mlango, hapo hapo nafunga daftari. Kesho najua pa kuanzia: afungue. Anayeandika hadi aishiwe kabisa huamka na ukurasa mweupe, na ukurasa mweupe alfajiri ya Julai ni adhabu.

Saa kumi na mbili na nusu fuso la kwanza linapiga honi getini. Baada ya hapo kichwa si changu: mbili kwa nne ngapi, moja kwa nane ngapi, nani kalipa nusu. Zamani ilinikera. Sasa naona yadi inanilipa mara mbili. Pale ndipo ninapowasikia watu wakisema kweli, maana mtu akiwa anatafuta punguzo hana muda wa kupamba. Dalali hasemi, "Bei yako ni kubwa." Anasema, "Mzee, hapo umeniua mimi na wanangu, nizike kabisa." Anakaa kimya kidogo, anapangusa vumbi la mbao kwenye kofia, halafu anauliza habari za mama yako kama vile bei imeshasahaulika. Kile kimya na ile kofia vinafanya kazi kuliko maneno. Naviandika nyuma ya hati ya mzigo iliyoharibika, naweka mfukoni. Sentensi nachukua, mwenye sentensi namwacha alipo. Mji wetu mdogo. Ukimweka jirani mzimamzima kwenye riwaya, na jinsi anavyokohoa, utasomewa mashtaka msibani mbele ya watu.

Niseme kuhusu kutunza kazi. Chinua Achebe alipomaliza riwaya yake ya kwanza aliituma London kuchapwa kwa mashine, imeandikwa kwa mkono, na hakubaki na nakala. Miezi ikapita kimya. Ilibidi mfanyakazi mwenzake wa redio, akiwa Uingereza, aende ofisini kwa hao wapiga chapa kuwabana ndipo kazi ikachapwa, na kitabu kikatoka mwaka 1958. Sasa jiulizeni kuhusu flashi mnayoiacha kwenye kompyuta ya steshenari. Ukimaliza kuchapisha pale, jitumie faili kwa baruapepe kabla hujalipa. Kaunta buku weka kwenye sanduku la bati. Panya hawajali fasihi.

Muswada ukiisha, usiupeleke popote. Mbao mbichi ukiipigilia leo, mwezi ujao dari limepinda na misumari imechomoza. Muswada nao unataka kukauka. Mimi hungoja mvua zianze na ziishe. Halafu namsomea shangazi kwa sauti jikoni, yeye anamenya viazi. Sitaki maoni yake, naangalia kisu. Kisu kikisimama, kuna jambo. Kisu kikiongeza kasi, nimemchosha, nakata ukurasa.

Fedha? Zipo, chache, na hufika kwa kuchelewa. Mrabaha haujengi nyumba. Tuzo zimesaidia: ya Kiswahili inayoitwa sasa Safal ilianzishwa 2014, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza 2023. Pelekeni kazi, ila msiandike kwa kulenga tarehe ya mwisho ya tuzo. Na mchapishaji akikuletea mkataba, usiangalie asilimia peke yake. Tafuta inaposemwa nani ana haki ya kutafsiri, ya kusoma redioni, ya kutengeneza filamu, na haki zinarudi kwako lini kitabu kikiacha kuchapwa. Kama hilo la mwisho halimo, rudisha mkataba bila kusaini, na omba liandikwe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mwenye mkataba mkononi anione pale mlangoni, wengine, maswali.