Saa za Mwanafunzi: Mhadhara Kuhusu Kuhuisha Mitaala ya Shahada

Ndugu Mwenyekiti, wakuu wa idara, wahadhiri wenzangu na wanafunzi mliohudhuria,

Nimeombwa nieleze namna chuo kikuu kinavyohuisha programu zake za shahada. Kwa kuwa wengi wenu mmeteuliwa hivi karibuni kuingia katika kamati za mitaala za idara zenu, sitayarudia yaliyomo katika miongozo mliyokwisha kugawiwa. Nitasema jambo moja ambalo kamati hizo zimenifundisha: mtaala, kabla haujawa orodha ya kozi, ni mgawanyo wa saa za mwanafunzi, na kila tunapolisahau hilo tunatunga shahada isiyosomeka.

Katika mfumo wetu wa Tanzania, unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza. Saa hizo si za mihadhara peke yake. Ndani yake zimo semina, maabara, kazi za nyumbani, kusoma maktabani na kujiandaa kwa mitihani. Mwaka wa masomo una krediti 120, na shahada ya kwanza ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Kwa hiyo mwaka mmoja ni saa 1,200. Zigawanyeni kwa majuma 34 hivi, yaani mihula miwili pamoja na mitihani yake, mtapata saa zipatazo 35 kwa juma, na hapo hatujamhesabia mwanafunzi muda anaoutumia kwenye daladala, wala asubuhi anazohangaika na ndoo maji yakikatika hosteli.

Hesabu hiyo ni nyepesi, lakini ndiyo inayovunja vikao. Nakumbuka kikao kimoja ambapo tulibandika karatasi za manila ukutani, karatasi moja kwa kila muhula, na kila kozi tukaiandika kwenye kipande chake na krediti zake. Kufikia saa nane mchana muhula wa tatu ulikuwa na krediti 81 badala ya 60. Waajiri tuliowahoji walitaka takwimu zaidi, wahitimu walitaka mafunzo kwa vitendo yaongezwe, sisi wenyewe tulitaka kozi mpya ya maadili ya utafiti, na yote hayo yalikuwa mahitaji ya kweli. Ila hakuna aliyekuwa tayari kubandua kipande chake. Siwalaumu, kwa sababu kozi ni mzigo wa ufundishaji wa mtu, ni hoja yake siku ya kupandishwa cheo, na mara nyingi ni kazi ya nusu ya umri wake. Hatimaye mzee mmoja, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, aliinuka kimya, akabandua kozi aliyoifundisha tangu alipoajiriwa, akauliza ni nani atakayezipokea mada zake mbili za mwisho katika kozi yake. Zilipopata pa kwenda, akaketi. Kikao kilianza upya kuanzia hapo.

Kozi za lazima zinahitaji uangalifu zaidi, maana nyingi ziliwekwa kujibu swali la wakati wake. Mnamo Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao. Machi 1967, baada ya Azimio la Arusha, chuo kiliitisha mkutano kuhusu nafasi yake katika Tanzania ya kijamaa, na katika mijadala ya kipindi hicho ndimo ilimozaliwa kozi ya pamoja ya kila mwanafunzi, awe wa sheria au wa sayansi. Kozi hiyo ndiyo iliyokua ikawa Taaluma za Maendeleo, ikapata taasisi yake mwaka 1973. Anayependekeza leo kupunguza au kuongeza kozi ya namna hiyo hana budi kueleza kwanza ni swali gani ilikuwa ikilijibu, na kama swali hilo limekwisha. Binafsi naona halijaisha, ingawa mada zake nyingi zimechakaa.

Njia ya idhini mnaifahamu: idara, bodi ya kitivo au ndaki, kamati ya Seneti (chombo cha juu cha taaluma chuoni), Seneti yenyewe, kisha Tume kwa ajili ya ithibati. Sina la kuongeza hapo, isipokuwa kwamba rasimu inayokwenda Seneti bila maelezo ya kwa nini kozi fulani imeondolewa itarudishwa, na itastahili kurudishwa.

Linalonikosesha usingizi ni mwanafunzi aliye katikati. Alikuja kwangu binti wa mwaka wa tatu, amekunja taarifa yake ya matokeo mara nne, akaniambia kwamba kozi aliyoifeli mwaka wa pili haifundishwi tena. Katika mtaala mpya ilikuwa imegawanywa mara mbili, kila nusu ikapewa namba yake, na mfumo wa usajili ulimdai zote mbili pamoja na ile ya zamani. Alikuwa anadaiwa krediti 12 ambazo hakuna mtu katika chuo kile aliyekuwa amekusudia kumdai. Tulichukua majuma sita kuandika barua, na wenzake walihitimu bila yeye. Kosa lilikuwa letu sisi wa kamati: tulipitisha mtaala bila jedwali la ulinganifu, linaloonyesha kila kozi ya zamani inahesabiwa kuwa ipi katika mtaala mpya, nani anaendelea na masharti aliyoingia nayo, na hadi mwaka gani.

Nimekuja na mfano wa jedwali hilo, kurasa mbili tu. Namwomba Katibu awagawie, na kabla ya kufungua maswali kila idara ijaze mstari wa kwanza kwa kozi moja ambayo inakusudia kuiondoa.