Kazi ya Awamu kwa Awamu: Mteja Anasaini Nini?

(Mhadhara kwa watengenezaji wa mifumo ya kompyuta, Kijitonyama, Dar es Salaam)

Ahsante, mwenyekiti. Wadogo zangu, habari za mchana. Walionaswa na foleni pale Morocco watatukuta njiani, tuanze.

Nimeombwa nizungumzie mtindo wa maporomoko: mahitaji kwanza, kisha usanifu, kuandika programu, majaribio, makabidhiano, matengenezo. Awamu haianzi mpaka iliyotangulia ifungwe kwa sahihi. Najua wengi wenu mnauona mambo ya wazee. Haya, fungueni mikataba yenu. Malipo yamepangwaje? Kiasi fulani waraka wa mahitaji ukikubaliwa, kingine usanifu ukipita, kilichobaki baada ya makabidhiano. Na kama mteja ni serikali, mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, upende usipende. Mnaweza kujiita watu wa ajaili, wa kujenga kidogo kidogo na kurekebisha njiani, mchana kutwa. Mhasibu anawalipa kwa awamu.

Kwa hiyo sikuja kuusema vibaya. Nimekuja kusema wapi unauma.

Mtindo huu hutajwa pamoja na Winston Royce, Mmarekani aliyesimamia programu za vyombo vya anga. Mwaka 1970 aliandika makala na kuchora visanduku vinavyoshuka kimoja baada ya kingine. Watu wakaondoka na mchoro, maelezo wakayaacha! Royce alisema wazo analiamini, lakini ukilitekeleza vile lilivyochorwa unakaribisha kushindwa, kwa sababu majaribio yako mwisho, na hapo ndipo mfumo unapopimwa kweli kwa mara ya kwanza. Ushauri wake mmoja ulikuwa kazi ifanywe mara mbili: mfano mdogo wa kujifunzia, halafu toleo la mteja. Hata hivyo, mwaka 1985 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa kanuni ya DOD-STD-2167, na makandarasi wake wakaisoma kama amri ya kufuata visanduku. Ilipofika 1994 ikaja kanuni nyingine, MIL-STD-498, iliyolegeza kamba.

Sasa turudi kwetu. Chukueni SACCOS inayotaka mfumo wa mikopo. Mwenyekiti wa bodi anawaambia: kila mkopo una wadhamini wawili. Mnaandika. Msanifu anaweka safu mbili kwenye jedwali la mikopo, mdhamini wa kwanza na wa pili. Sahihi, muhuri, picha ya pamoja. Miezi inapita. Siku ya majaribio mama wa dirishani anafungua daftari lake: mkopo huu mkubwa una wadhamini watano, huyu alijitoa katikati, akaingia shemeji yake, na huyu wa tatu akiba yake imeshikiliwa nusu tu, nusu nyingine anaruhusiwa kuitoa. Hapo hamuongezi safu. Mnahitaji jedwali jipya la udhamini lenye tarehe na kiasi, fomu zibadilike, ripoti zibadilike, na hesabu ya akiba inayotoleka iandikwe upya. Ni kupitisha bomba ukuta ukiwa umeshapigwa lipu, na hela ya awamu ya usanifu imeshaliwa.

Mwenyekiti hakudanganya. Kanuni ya chama ndivyo inavyosema. Ila aliyesaini si anayeandika daftari, na kwa maoni yangu hapo ndipo miradi yetu inapofia, kabla hata kompyuta haijawashwa.

Sehemu nyingine fuateni awamu bila wasiwasi. Mfumo ukitakiwa kutoa namba ya malipo ya serikali, au risiti ya kodi, masharti mnapewa yameandikwa. Someni, sanifuni, andikeni, pimeni. Hakuna cha kujadiliana na mteja.

Lakini kwenye mikopo, stoo, mahudhurio, kazi zenye madaftari ya watu, ingizeni mfano wa majaribio ndani ya awamu ya mahitaji, na uandikwe kwenye mkataba kama kazi ya kulipwa. Skrini tatu nne, hata za karatasi. Mpelekeeni mama wa dirishani, aingize mikopo yake halisi, migumu kwanza. Jina lake liwe kwenye ukurasa wa sahihi, chini ya la mwenyekiti. Na wekeni kifungu cha mabadiliko chenye bei, maana mengine yatajitokeza tu.

Mteja atauliza kwa nini alipie karatasi. Mwonyesheni daftari.

Maswali? Dada wa nyuma kabisa, anza.