Katanga Haikuanza na Tshombe

Hadithi fupi ya Katanga, ule mkoa wa shaba kusini mwa Kongo, mnaijua wote: kiongozi wake Tshombe akajitenga, Wabelgiji nyuma yake, Lumumba waziri mkuu wa kwanza wa Kongo akauawa, Umoja wa Mataifa ukaingia, basi. Sitairudia. Ninachosema kila nikipewa kipaza sauti ni kwamba ugomvi ule wa Katanga na mji mkuu ni mkongwe kuliko Tshombe.

Tangu 1900 Katanga ilikuwa na utawala wake, ulioanzia chini ya kamati maalumu, theluthi mbili dola ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, theluthi moja kampuni binafsi. Mwaka 1933 Wabelgiji wakaamua kila kitu kipitie Léopoldville, Kinshasa ya leo. Nani aliyepiga kelele? Walowezi wa Kizungu wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo! Shaba inachimbwa huku, maamuzi yanafanywa kule. Tshombe alilirithi lalamiko hilo, na walowezi wenyewe wakamshika mkono.

Julai 11, 1960, uhuru hauna hata wiki mbili, akatangaza kujitenga. Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya migodi ya shaba, ikampa yeye kodi zilizokuwa za Léopoldville. Hakuna nchi iliyomtambua, hata Ubelgiji yenyewe, lakini mamluki walilipwa. Sasa sikilizeni. Kaskazini mwa Katanga hiyo hiyo, watu wa kabila la Baluba, wakiongozwa na Jason Sendwe, wakamkatalia. Aliyekimbia ubabe wa mji mkuu naye akajifanya mji mkuu, akapeleka askari hadi Manono, mji wa huko kaskazini. Huwa nacheka hapa, ingawa watu walikufa na si jambo la kucheka. Januari 1963 akasalimu amri. Julai 1964 bwana yule yule ni waziri mkuu wa Kongo nzima! Aliyeitwa msaliti akakabidhiwa kulinda umoja.

Kuna mtu pale nyuma najua anasema, "Mzee, hayo ni ya mabeberu." Sawa, mabeberu wa mwaka gani? Machi 2013 watu wa Bakata Katanga, kundi lenye silaha linalotaka kujitenga, waliingia Lubumbashi na bendera ya Katanga ya Tshombe, ile ya misalaba ya shaba. Humo mlikuwa na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa Tshombe alipokufa. Nani aliwatuma, Union Minière? Mobutu alishaitaifisha zamani!

Twende kwenye pesa, maana ndiko niliko siku zote. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 175: asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya mikoa, na hukatwa pale pale yanapokusanywa. Pale pale! Haikusemwa yaende Kinshasa, yalale huko, kisha gavana apande ndege kuyafuata. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Yote huingia hazina, kinachorudi ni kidogo mno, tena kwa wakati wanaoutaka wao. Ni kurudishiwa chenji ya pesa yako mwenyewe na kutakiwa upige magoti. Ninyi wa Dar mnayaona malori ya shaba yanayotokea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kuja bandarini. Barabara ya vumbi ya kijiji yalikotoka, nani anaitengeneza?

Mtasema, mkoa tajiri ukibaki na chake, maskini wataishije? Katiba ilishajibu. Kifungu cha 181 kina mfuko wa kusawazisha mikoa, asilimia 10. Ulikaa miaka mingi kwenye karatasi tu. Waliouweka kabatini ndio hao hao wanaotuhubiria umoja.

Mengine nayataja mbio mbio. 2011 katiba ilibadilishwa, rais akapata uwezo wa kumwondoa gavana. 2015 Katanga ikakatwa vipande vinne, shaba na kobalti ya Kolwezi ikabaki mkoa mpya wa Lualaba, mkoa wa Tanganyika wenye makao Kalemie ukaambiwa ujitegemee. Na 1992 na 1993 Wakasai, watu wenye asili ya mkoa jirani wa Kasai, walifukuzwa Katanga, wakiwemo waliozaliwa Likasi na Kolwezi, wakalala stesheni wakingoja treni. Wenzangu wa Lubumbashi hawapendi nilitaje hili. Nalitaja. Mikono iliyofanya vile ilikuwa ya Wakatanga wenyewe.

Nilikuwa na ukurasa mzima juu ya Kivu, kule mashariki mwa Kongo, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Anayeutaka anione nje.