Tiki za bluu saa nane usiku

Haya jamani, asanteni kwa kuja, wale mliosimama kule nyuma sogeeni mbele viti vipo. Naona sura nyingi nazozijua kwa hiyo wengine mmeshanisikia nikiyasema haya mara tatu mara nne, na leo nayasema tena, kwa sababu bado napigiwa simu na watu wananiambia "polisi wamechukua simu yangu, nimewapa paswedi, sasa nifanyeje?" Sasa swali la nifanyeje linakujaje baada ya kutoa paswedi? Lilitakiwa lije kabla. Basi leo siwapi historia ya intaneti wala siwaelezi faragha ni nini, hayo mnayajua. Naanza na simu moja.

Kuna binti wa rafiki yangu, mi namwita mwanangu tu, alikuwa anatumiwa meseji za vitisho na mwanaume waliyeachana. Meseji mbaya kweli, za "nitakuja na utanijua". Tukamwambia nenda polisi, nikamsindikiza. Shikeni hilo, yeye ndo mlalamikaji, hajakamatwa, hashukiwi kitu, kaenda mwenyewe kuomba msaada. Pale kaunta afande akasema lete simu tuone. Akaifungua ile chati akaiweka simu juu ya kaunta, afande akasoma, sawa, akaskroli juu, sawa, halafu kidole gumba kikarudi nyuma kwenye orodha ya chati zote na kikaendelea. Mimi nilikuwa nakiangalia kile kidole. Kikafungua chati ya mama yake. Kikafungua grupu la ukoo. Kikaingia kwenye picha. Akamwita mwenzake, "hebu njoo uone hii", na binti amesimama pale mkono uko nusu hewani, anataka kuichukua simu yake na anaogopa. Nikasema afande, vitisho viko kwenye ile chati ya kwanza. Akaniambia, "mzee, uchunguzi hauna mipaka."

Simu ikabaki kama kielelezo. Wakataka paswedi, akaitaja, na afande akaiandika kwa biro kwenye kipande cha selotepu ya karatasi akakibandika mgongoni mwa simu. Mgongoni mwa simu yenyewe! Ikaingia kwenye droo, na ile droo anaifungua kila anayeingia zamu. Karatasi aliyosainishwa nimeisoma, ilikuwa na mstari mmoja: simu moja nyeusi, ina ufa kwenye kioo. Basi. Hakuna palipoandikwa wataangalia nini, nani ataangalia, mpaka lini.

Siku ya tatu rafiki yake mmoja akampigia kwa namba ya mdogo wake, amekasirika. Anamwambia nimekuandikia mambo mazito, umesoma, hujanijibu, tiki za bluu hizi hapa, saa nane usiku nimekuona uko onlaini. Binti akasema simu yangu sina, iko polisi. Kukawa kimya. Kwa sababu alichoandika yule rafiki kilikuwa majibu yake ya hospitali, ambayo hata mume wake alikuwa hajamwambia.

Saa nane usiku, jamani. Nani alikuwa anasoma? Mpaka leo hatujui. Tuliporudi kuuliza kila mtu akasema mimi sikuwa zamu. Simu ilikaa siku 11. Na yule rafiki mpaka leo hamwandikii binti kitu chochote cha maana, ni "poa", "nimefika", "tutaongea tukionana". Wamejuana tangu shule. Sasa niambieni, yule rafiki alifanya kosa gani? Alisaini karatasi gani? Alikubali nini?

Hapa ndo pananikera, na nitakaa hapa hata kama dada wa ratiba ananionyesha saa. Kila nikiongea haya lazima mtu ainuke aseme "mimi sina cha kuficha, waangalie tu". Sawa, wewe huna. Ila akaunti yako haina wewe peke yako. Ina dada yako aliyekuelezea ndoa yake, ina mwenzio wa kazini aliyemsema bosi, ina mtu aliyekutumia picha ya mtoto wake akiwa mgonjwa, ina grupu la watu 60 waliodhani wanaongea wenyewe kwa wenyewe. Wote hao walikuwekea amana. Ukisema "mimi sina cha kuficha" unatoa ruhusa kwa niaba ya watu ambao hujawauliza, na wengine wana vitu vya kuficha vizuri kabisa, halali kabisa, ugonjwa, madeni, mapenzi, imani, woga. Mtu akikupa pesa yake umtunzie, huwezi kuigawa mlangoni kisa wewe mwenyewe hudaiwi na mtu. Meseji ya mtu nayo ni hivyo hivyo.

Na msidhani ni mambo ya kaunta moja tu yenye droo mbovu. Uingereza mwaka 2019 polisi wa England na Wales walianza kuwapa waathirika wa ubakaji fomu ya kukubali simu zao zipekuliwe, na wanawake wakawa wanaambiwa usipokubali kesi yako inaweza kufa. Aliyebakwa ndo anapekuliwa! Watetezi wa faragha kule wakaiita kumvua mtu nguo kidijitali. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikasema simu ya mlalamikaji isichukuliwe kama mazoea, lazima kuwe na sababu ya maana inayohusu kesi yenyewe, na mwezi uliofuata fomu zikaondolewa. Mwaka mzima na zaidi ule utaratibu ulikuwa kazini, na hakuna wa kuwarudishia wale wanawake walioacha kesi zao kwa sababu hawakutaka mtu asome maisha yao yote.

Sasa kuhusu kukubali, kwa sababu mtaniambia "lakini binti alitoa mwenyewe". Ndiyo, ndo maana wanaomba kwa upole. Marekani mwaka 2014 kesi ya David Riley, mtu aliyekamatwa simu yake ikapekuliwa bila kibali, ilifika Mahakama ya Juu, serikali ikadai kupekua simu ya mtu aliyekamatwa hakuna tofauti na kupekua mfuko wa suruali yake. Jaji Mkuu John Roberts akajibu hiyo ni sawa na kusema kupanda farasi hakuna tofauti na kuruka kwenda mwezini. Majaji wote 9 wakawa upande mmoja, na jibu la polisi afanye nini kabla ya kupekua simu likawa fupi kabisa, kachukue kibali cha mahakama. Mimi ile hukumu naipenda. Lakini haikusaidii kitu ukisema "haya chukua", maana ukikubali mwenyewe kibali cha nini tena?

Na ukikubali, kukubali kwako kunavutwa kama mpira. Kuna mwanamke kule kule Marekani alikamatwa 2010 kwenye kesi ya madawa ya kulevya, yeye alikuwa mtu mdogo tu kwenye lile genge, akakubali simu yake ipekuliwe. Afisa wa shirika la kupambana na madawa, DEA, akachukua picha zake humo, akafungua profaili ya Facebook kwa jina la yule mwanamke, akaweka picha zake zikiwemo za nguo za ndani, akaweka na ya mtoto wake, halafu akaanza kuitumia kuwasiliana na watu anaowatafuta. Yaani wahalifu wanaona yule mama yuko onlaini anawatafuta, na mama mwenyewe hana habari! Siku moja rafiki yake anamuuliza kuhusu picha alizoposti, anashangaa picha gani. Alipoishtaki serikali, ikasema mahakamani kwamba kwa kuruhusu simu ipekuliwe alikuwa amekubali vilevile, kimyakimya, picha zake zitumike kwenye upelelezi. Mwezi wa kwanza 2015 wakamalizana naye kwa kumlipa dola 134,000 bila kukiri kosa. Nataka mfikirie sana ile hoja ya serikali. Alisema ndiyo kwa kitu kimoja, wakaisikia ndiyo kwa kila kitu.

Kuna kijana nikitaja hili huwa ananiambia mzee wewe unatetea wauza unga. Sitetei wauza unga. Na wala sisemi polisi wasifanye kazi, binti yangu yule alikuwa anawahitaji polisi, vitisho vilikuwa vya kweli, na mtoto akipotea mi nataka akaunti ya aliyemchukua ifunguliwe usiku huo huo, njia ya dharura ipo na itumike. Ninachotaka ni karatasi iseme: akaunti hii, mazungumzo na mtu huyu, kuanzia tarehe hii mpaka hii. Nimeshaona mpelelezi akifanya hivyo kwa kesi nyingine ya vitisho. Alimwambia mlalamikaji fungua chati wewe mwenyewe, shika wewe, skroli wewe, yeye anapiga picha kioo kwa kamera ya ofisi, tarehe na namba zinaonekana, dakika 20 hivi wakamaliza, mwenye simu akaondoka na simu yake. Na yule mtuhumiwa alifungwa! Kwa hiyo mtu asiniambie haiwezekani.

Haya, muda. Kuna la pili nilitaka kulisema kwa urefu ila nitakimbia nalo, kwamba polisi hawahitaji simu yako hata kidogo, wanakwenda kwa kampuni yenye huo mtandao unaotumia. Kampuni inatoa inachoweza kusoma. Jimbo la Nebraska, Marekani, mwaka 2022 polisi walipeleka kibali Facebook, wakapewa meseji za Messenger kati ya mama na binti yake kuhusu vidonge vya kutoa mimba, na wote wawili wakaishia kufungwa. Siingii kwenye ubishi wa mimba, naangalia meseji tu: zilikuwepo, zinasomeka, zikatolewa, na Messenger ilikuja kuanza kuyafunga yenyewe mazungumzo ya watu binafsi kwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho, yaani hata kampuni haiwezi kuyasoma, Desemba 2023. Halafu angalieni Signal, app nyingine ya meseji, mwaka 2016 waliletewa amri ya kisheria ya kutoa taarifa za wateja, wakatoa walichokuwa nacho, tarehe akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho kuunganishwa. Hawakuwa na kingine cha kutoa. Na WhatsApp meseji zimefungwa tangu 2016, ila bekapu yako huko kwenye mtandao haijafungwa kama hujaifunga wewe, wengi hapa hamjaifunga, najua.

Na kuna wanaojifanya polisi. Mwaka 2021 Apple na Meta, wenye Facebook, walitoa anwani na namba za simu za wateja kwa wadukuzi walioandika maombi ya dharura, yale ambayo polisi huipelekea kampuni bila kusubiri kibali, wakijifanya maafisa. Njia iliyotengenezwa kwa polisi, wakapita wengine.

Mtu ataniuliza, mbona sisi wenyewe tunaposti kila kitu? Ulichoposti hadharani umeposti, polisi atasoma kama anavyosoma jirani. Ila jirani hafungui akaunti ya uongo akuombe urafiki. Memphis kule Marekani polisi walikuwa na akaunti ya "Bob Smith", wakaitumia kuwafuatilia wanaharakati waliokuwa wanaandamana kwa amani, na mwaka 2018 jaji akasema wamevunja makubaliano ambayo jiji lenyewe lilisaini mwaka 1978 ya kutowapeleleza watu kwa sababu ya siasa zao. Hapo nina mengi ila dada amesimama kabisa sasa.

Basi tufanye kitu kimoja kabla sijashuka. Toeni simu. Zote, toeni. Fungueni WhatsApp, nendeni kwenye setingi au zile nukta tatu za juu, palipoandikwa vifaa vilivyounganishwa. Mnaona? Hapo inatokea kompyuta yoyote iliyounganishwa na akaunti yako. Simu yako ikiwahi kukaa mikononi mwa mtu dakika mbili imefunguliwa, hapo ndo pa kuangalia kwanza. Binti yangu tulivyorudishiwa simu, selotepu bado iko mgongoni, tulipafungua tukakuta kifaa kimoja, kompyuta, mara ya mwisho kutumika ni asubuhi ya siku ile ile. Tukaiondoa tukiwa bado tumesimama nje ya kituo.

Wewe dada wa pale katikati umeinua mkono, umekuta nini?