Nani Kaamua Rezidenti Abaki Peke Yake?

Walimu wenzangu, na nyinyi vijana mnaosomea ubingwa, nawashukuru kwa kufika.

Saa nane usiku, wodi ya wazazi. Mama ameshajifungua, damu haikatiki. Rezidenti wa zamu, yaani daktari anayesomea ubingwa, amekanda mji wa mimba, ameagiza oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, ametuma mtu benki ya damu. Bingwa yuko nyumbani. Nani aliamua kwamba kijana huyu anaweza kuachiwa wodi? Mara nyingi hakuna aliyeamua. Kafika mwaka wa tatu, basi, kapangiwa zamu.

Mwaka 2005 Olle ten Cate, mtaalamu wa elimu ya udaktari wa Utrecht, Uholanzi, alitaka kila kazi ya daktari iulizwe peke yake: je, tunaweza kumkabidhi? Ngazi za kumkabidhi kazi ni 5. Anatazama tu, anafanya mwalimu akiwa pembeni, anafanya mwalimu akiwa jirani wa kuitwa akafika, anafanya peke yake, anawasimamia wengine. Kwa hiyo rezidenti yuleyule anaweza kuwa ngazi ya 4 kwenye upasuaji wa kumtoa mtoto, na ngazi ya 2 kwenye kuondoa kizazi. Mwaka wa masomo hauwezi kukuonyesha tofauti hiyo.

Logibuku, daftari la kuandikia operesheni alizofanya, nayo ina kazi yake, na naiheshimu. Lakini operesheni 50 zilizoandikwa hazikuambii kijana hufanya nini mambo yakimwendea kombo.

Mimi husikiliza anavyopiga simu. Wa kuaminika hunipa presha, mapigo ya moyo, damu iliyopotea, alichokwisha kufanya na anachokitaka kwangu. Hupiga mapema, na asilolijua hulitaja mwenyewe. Mwingine ana mikono mizuri kumshinda, ila hupiga mama akishazimia. Huyo simwachii wodi, hata awe wa kwanza darasani.

Na tusimkemee anayetuamsha! Ukimfokea leo, kesho atanyamaza, na atakayelipa ni mgonjwa.

Ombi langu kwa kila idara: chagueni kazi tatu tu kwa kuanzia. Mwalimu akae kando ya kitanda dakika 15, amtazame rezidenti akifanya, amwambie palepale jambo moja la kurekebisha, aliandike. Baada ya miezi mitatu mabingwa wakae pamoja waamue ngazi yake. Wakunga wawepo kwenye kikao hicho, maana usiku wao ndio wanaomwona.