Fonti za akiba na herufi zetu

Wakubwa shikamooni, vijana habari za asubuhi. Nawashukuru hasa mliopanda magari alfajiri kutoka Tukuyu na Makambako mkatufikia hapa Mbeya.

Nimeombwa nizungumzie mstari mmoja wa CSS, lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa wa wavuti: ule wa font-family, unaotaja fonti, yaani mitindo ya herufi, ambazo ukurasa utatumia. Wengi tunaunakili kutoka tovuti nyingine na kuuacha ulivyo. Kwangu mimi, huo ndio unaoamua kama msomaji wa Makete mwenye simu ya bei nafuu atasoma kwa raha au atakunja uso.

Tuchukue huu:

font-family: "Open Sans", Verdana, Arial, sans-serif;

Kivinjari kinaanza kushoto. Kikikosa fonti ya kwanza kinahamia ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Hilo sans-serif si jina la fonti, ni agizo la jumla: tumia yoyote isiyo na vijimkia kwenye ncha za herufi iliyomo kwenye kifaa. Lisikae katikati, maana karibu kila kifaa kina cha kujibu, na majina yanayofuata yatabaki pambo. Wala msiliwekee alama za nukuu, kivinjari kitadhani ni jina la fonti.

Verdana ilichorwa na Matthew Carter kwa ajili ya Microsoft, ikatoka mwaka 1996. Ni pana makusudi, isomeke kwenye skrini za wakati ule. Kazi nzuri sana. Ila ni pana kuliko Open Sans, kwa hiyo menyu ya "Nyumbani, Huduma, Mawasiliano" iliyoenea mstari mmoja inaweza kuvunjika miwili. Hapo mimi ningeitanguliza Arial, kwa sababu upana wake unakaribiana zaidi na Open Sans. Na simu nyingi za Android hazina hata moja kati ya hizo mbili. Msomaji anaishia kwenye fonti ya mfumo, mara nyingi Roboto. Basi jaribuni kurasa zenu kwa hiyo.

Linalosahaulika zaidi ni hili: kivinjari hakibadilishi fonti kwa ukurasa mzima, kinakagua herufi moja moja. Kinyakyusa kina irabu saba, na wapo wanaoandika mbili kati yake kwa ɨ na ʉ. Sasa mtengenezaji anataka ukurasa mwepesi, anapunguza faili la fonti ya Open Sans ambalo simu ya msomaji hulipakua, libaki na herufi za Kilatini za msingi. Kiswahili kinapita salama, hata ng' yetu. Likija neno lenye ʉ, herufi zote zinatoka Open Sans isipokuwa hiyo moja, inayochukuliwa kwingine, pengine nene zaidi au fupi, kama mchezaji wa akiba aliyeingia uwanjani na jezi ya timu nyingine. Naumia nikiiona. Mtu ameandika lugha ya bibi yake kwa uangalifu, sisi tunamtolea neno lenye kiraka.

Tiba ipo. Wekeni herufi za Kilatini za nyongeza katika faili la pili, mlitangaze kwa unicode-range, agizo la CSS linalotaja faili hilo ni la herufi zipi. Litapakuliwa pale tu ukurasa unapokuwa na herufi hizo, na bando la anayesoma Kiswahili peke yake haliguswi.

Sasa toeni simu. Tutazima fonti za kupakua, tufungue tovuti zenu moja baada ya nyingine, tusome aya nzima kwa sauti. Nani yuko tayari tuanze na yake?